Nani Anakufukuza? Kwa Kijana Anayetaka Kurudi Kukimbia



Ukitaka kujua watu wa huku Karagwe na Kyerwa wanaonaje habari ya mbio, ni rahisi. Vaa raba saa kumi na mbili asubuhi, toka Omurushaka kama unaelekea Nkwenda, anza kukimbia mikono mitupu. Hutafika mbali kabla hujaulizwa: "We kijana, nani anakufukuza?" Atauliza mama mwenye jembe begani. Atauliza bodaboda, na akikuonea huruma atapunguza mwendo akwambie panda nikusogeze. Watoto wa shule hawatauliza. Wao watakimbia pamoja nawe hadi kona, wakushinde, wacheke, halafu waendelee na safari yao.

Swali hilo tunalichukulia kama utani. Mimi niliyekaa darasani nikisoma falsafa naliona ni swali zito kabisa. Linauliza kile ambacho Aristotle alikiuliza kuhusu kila tendo la binadamu: linafanyika kwa ajili ya nini? Na Kiswahili chenyewe kimeshatusaidia kupanga jibu. Mtu anaweza kukimbia kitu, yaani anakihepa. Na anaweza kukikimbilia kitu, yaani anakwenda kwake kwa haraka. Miguu ni ileile, barabara ileile, jasho lilelile. Lakini mmoja ana hofu mgongoni na mwingine ana tumaini mbele yake. Ndiyo maana katika Litania tunamwita Mama Maria Makimbilio ya wakosefu. Kwa Maria hatumkimbii mtu, tunakimbilia.

Leo nataka tulitazame swali hili kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule aliyewahi kukimbia, akaacha, na sasa anatamani kurudi.

Bora wanikumbuke nilivyokuwa

Niko kwenye mwaka wa kichungaji katika parokia moja ya huku kwetu. Kati ya vijana wa VIWAWA yuko mmoja ambaye alipokuwa sekondari alikuwa tishio. Kwenye UMISSETA wenzake walikuwa wakimwona kwenye mstari wanaanza kugombania nafasi ya pili. Baadaye shule iliisha, maisha yakaanza, pikipiki ikamwangusha, goti likaumia, miaka ikapita. Mwaka huu akaamua kurudi. Akakimbia siku tatu, akaacha.

Nilipomuuliza, nilitegemea aniambie goti limesumbua. Akaniambia: "Goti halina shida, Frateri. Shida ni watu. Siwezi kukubali wanione nakimbia hivi. Bora wanikumbuke nilivyokuwa."

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu nimewahi kulisikia mahali pengine. Nimelisikia kwa mama mdogo aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, akakaa nje kwa sababu ya matatizo ya nyumbani, na sasa anaona haya kurudi. Nimelisikia kwa kijana aliyekuwa kiongozi wa TYCS shuleni na leo Jumapili anapita pembeni ya kanisa kofia imeshushwa machoni. Wote wanasema jambo moja kwa maneno tofauti: yule niliyekuwa zamani ananizuia mimi wa leo.

Kwa hiyo, "Nani anakufukuza?" kwa mtu anayerudi ina jibu la ajabu kidogo. Anayemfukuza ni yeye mwenyewe. Ni yule kijana wa miaka kumi na saba, mwepesi, mwenye medali, anayemkimbiza nyuma na kumzomea. Na huwezi kumshinda, kwa sababu yeye hachoki na hazeeki. Yuko kwenye kumbukumbu.

Aibu hii inatoka wapi?

Wengi tunadhani aibu ya namna hii ni unyenyekevu. Mtu anasema, "Mimi siyo kitu tena, acha nikae pembeni." Maneno yanafanana na ya mtakatifu. Lakini tuyapime. Mnyenyekevu ni mtu anayejijua jinsi alivyo na anakubali kuishi hapo. Huyu wetu anajijua jinsi alivyo, ila amekataa kuishi hapo. Anataka aishi kwenye sifa za zamani. Kwa kweli haya ni majivuno yaliyovaa nguo za unyenyekevu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kati ya dhambi zinazopingana na ukuu wa moyo zimo hizi mbili. Moja ni majisifu, yaani kutafuta sifa mbele ya watu. Nyingine ni udogo wa moyo, yaani kukataa kufanya jema ambalo uwezo wake unao. Tunaziona kama ziko mbali sana. Lakini mtazame anayeogopa kurudi: anazo zote mbili kwa wakati mmoja. Anakataa jema analoliweza leo, na sababu ya kukataa ni kwamba halitampa sifa alizozizoea.

Kuna kipimo rahisi cha kujichunguza. Jiulize maswali mawili. La kwanza: ningekimbia kama hakuna hata mmoja wa kuniona? Kama jibu ni hapana, basi nilikuwa nakimbilia macho ya watu. La pili: ningekimbia kama wote walionijua zamani wamesimama kando ya barabara wananitazama? Kama jibu ni hapana, basi ninakimbia macho ya watu. Ukiangalia vizuri, kosa ni moja. Macho ya watu ndiyo yanayoendesha.

Chakula cha Milo

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa Nikomakea, anatoa mfano unaowafaa sana wanamichezo. Anasema fadhila iko katikati, kati ya kuzidisha na kupunguza. Halafu anatahadharisha: katikati hiyo si sawa kwa kila mtu. Mwalimu wa mazoezi hampi kila mtu kiasi kilekile cha chakula. Kiasi fulani ni kidogo mno kwa Milo, yule mpiganaji mieleka maarufu wa Wagiriki, lakini ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo.

Sasa mfikirie mtu anayerudi. Yeye ni nani, Milo au mwanafunzi mpya? Mwili wake ni wa mwanafunzi mpya. Kumbukumbu zake ni za Milo. Anakaa mezani anaagiza sahani ya Milo! Siku ya kwanza anataka kukimbia kutoka Kayanga hadi Omurushaka na kurudi kwa kasi ileile ya kidato cha nne. Kesho yake hawezi kushuka ngazi, na keshokutwa anatangaza kwamba umri umeenda.

Na hapa mwili wenyewe una mtego. Moyo na mapafu hurudi mapema. Baada ya wiki chache za mazoezi unaanza kusikia pumzi inakaa sawa, unajisikia vizuri, unaongeza kasi. Lakini mifupa na kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa, zinahitaji miezi. Kwa hiyo pumzi inakwambia "twende" wakati kifundo cha mguu bado kinasema "ngoja". Wengi wanaoumia wakirudi wanaumia hapo, siku wanayojisikia vizuri kuliko zote. Ndiyo maana naona kwamba busara kwa anayerudi si ushauri wa afya tu. Ni suala la ukweli. Kukimbia kama Milo wakati wewe si Milo ni kusema uongo kwa miguu.

Kibanja kisichopaliliwa

Lakini je, yote yamepotea? Thomas wa Akwino aliuliza swali hilo kuhusu fadhila na mazoea ya binadamu kwa ujumla: je, tabia njema inaweza kupungua au kupotea kwa kuacha tu kuitenda, hata kama hujatenda kinyume chake? Jibu lake ni ndiyo. Na sababu anayoitoa ni nzuri: tulipokuwa tunatenda, tendo lile lilikuwa linazuia vitu vya kinyume visiote. Tukiacha, vitu hivyo vinaota vyenyewe.

Sisi watu wa migomba hatuhitaji maelezo marefu hapo. Kibanja kisichopaliliwa miaka mitatu hakigeuki kuwa jangwa, kinageuka kuwa pori. Ukiingia na panga unakuta migomba bado iko, imekonda, imebanwa na magugu, lakini iko. Mahali pengi hutahitaji kupanda upya, utahitaji kupalilia. Ndivyo ilivyo kwa mwili uliowahi kufanya mazoezi, ndivyo ilivyo kwa sala, ndivyo ilivyo kwa imani uliyoipokea kwenye Ubatizo na Kipaimara. Kwa Sakramenti hizi mbili tena kuna zaidi: Kanisa linafundisha kwamba zinaacha alama isiyofutika. Unaweza kuacha kusali miaka kumi, alama ile haiondoki. Anayerudi haanzii sifuri hata siku moja.

Ila kupalilia si kazi ya siku moja, na wala haina shangwe. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kupalilia.

Alichofanya Akhwari baada ya Mexico

Watanzania wengi tunaijua habari ya John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alibanwa na misuli, kisha akaanguka wakati wakimbiaji wanagombania nafasi. Goti likateguka, bega likapiga barabarani. Alifungwa bandeji akaendelea. Waliokuwa wameanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, jua limeshazama, watu wengi wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Habari hiyo inahubiriwa hadi leo, na inastahili. Lakini tunaikatiza mahali pabaya. Tunamwacha Akhwari pale uwanjani na bandeji yake kama sanamu. Yeye hakubaki pale. Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akakimbia marathoni tena, akamaliza wa tano kwa saa 2:15:05.

Hebu tulifikirie hilo. Baada ya Mexico alikuwa na kila sababu ya kuacha. Alikuwa ameshakuwa mfano. Angekaa nyumbani watu wangemheshimu. Kurudi kulikuwa na hatari kubwa: angeweza kuanguka tena, na safari hii watu wangesema, "Kumbe ndiyo kawaida yake." Mtu anayelinda sifa asingerudi. Alirudi mtu anayependa kukimbia. Tena hakurudi akapata dhahabu ili hadithi iwe tamu. Alipata nafasi ya tano, ambayo haina medali. Kwangu mimi nafasi ile ya tano inahubiri sawasawa na ile ya mwisho.

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu tunapenda hadithi za kurudi zinazoishia na dhahabu. Ziko, na tunamshukuru Mungu. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na picha ya mstarini, mwaka mmoja tu baada ya Olimpiki ya Paris ambako hakupata medali. Tulishangilia hadi huku vijijini. Lakini ukijengea kurudi kwako juu ya dhahabu ya Simbu, siku utakapomaliza wa arobaini utasema Mungu amekutupa. Kurudi kunapaswa kuwa na maana hata kwa wa arobaini.

Mchezo wa ridhaa

Kiswahili kina neno zuri sana ambalo tumelizoea hadi hatulisikii. Mchezaji asiyelipwa tunamwita mchezaji wa ridhaa. Ngumi za ridhaa, riadha ya ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, kwa moyo. Ni neno lilelile tunalolitumia kwenye ndoa, maana bila ridhaa ya wawili hakuna ndoa hata kama padre, pete na keki vipo. Ni neno linalofaa kwa Bikira Maria siku ya Kupashwa Habari: Mungu alingoja ridhaa yake.

Basi mtu anayekimbia kwa ridhaa anaridhia nini? Mimi naona anaridhia mambo matatu. Anaridhia mwili alionao leo, si wa jana. Anaridhia nafasi atakayoipata, hata ikiwa ya mwisho. Na anaridhia kuwa mali ya Mungu na si ya watazamaji. Asiyeridhia haya, hata kama halipwi senti, hajawa mchezaji wa ridhaa. Analipwa kwa macho ya watu, na siku malipo yakikatika anagoma.

Yuko mtawa mmoja wa Marekani, Sista Madonna Buder, aliyezaliwa mwaka 1930. Alianza kukimbia akiwa na miaka 48, baada ya padre mmoja kumweleza jinsi mbio zinavyouunganisha mwili, akili na roho. Akiwa na miaka 52 akaingia kwenye triathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote mfululizo siku moja. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza kule Kanada triathloni ile ndefu inayoitwa Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima. Kila mwaka mwili wake ulikuwa unapungua kasi, na kila mwaka alitakiwa auridhie upya. Kurudi kwa mwanamichezo kuna sura hiyo pia: si lazima uwe umeacha miaka sita. Kila asubuhi unarudi, na mwili unaoukuta si ule ulioulaza jana.

Najua mtasema, "Frateri, triathloni huku?" Ni kweli, ukienda kufanya mazoezi ya kuogelea Mto Kagera pale Murongo, mamba na viboko watakuwa waamuzi. Na baiskeli ya huku kazi yake ni kubeba ndizi, mwenye baiskeli anasukuma kwa miguu mlima mzima. Lakini hoja haiko kwenye umbali wala vifaa. Iko kwenye ridhaa, na hiyo haiuzwi dukani.

Jembe na madumu ya maji

Sasa nirudi kwa yule mama mwenye jembe, maana swali lake lina upande mwingine, na tusimkwepe. Anaposema "nani anakufukuza?" mara nyingi anamaanisha: nguvu hizo si ungezileta shambani? Mahali ambapo watu wanachoka kwa kazi, kuchoka kwa mchezo kunaonekana ni anasa. Je, ana haki?

Ana haki nusu. Mtakatifu Thomas anasimulia kisa kinachohusu Mtakatifu Yohane. Watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, akapiga mingi. Akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akamwambia: hata akili ya mtu huvunjika isipolegezwa. Thomas anahitimisha kwamba kucheza kwa kiasi ni fadhila, si upotevu. Na Kanisa halijaona haya kuvaa raba: tangu Januari 2019 Vatikano ina timu yake rasmi ya riadha, na ndani yake wamo mapadre, watawa na walinzi wa Papa. Kwa hiyo kijana anayekimbia nusu saa kabla ya kwenda shambani hamwibii mtu. Wengi hufika kazini na moyo mwepesi zaidi.

Lakini haki nusu ya pili ni ya yule mama. Kama wewe unarudi kukimbia, na wakati unakimbia dada yako ndiye anayechota madumu yote ya maji, mbio zako zinakimbia mgongoni kwa mtu mwingine. Kama ni msimu wa kuchuma kahawa na baba yuko peke yake kibanjani, siku hizo ukimbie kidogo, au ungoje. Na ukiwa kaka, jiulize: dada yako naye aliwahi kukimbia shuleni, nani amemuuliza kama angependa kurudi? Katekisimu, namba 2288 na 2289, inatufundisha kuutunza mwili kama zawadi ya Mungu, na papo hapo inatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu wa kutolewa sadaka ya kila kitu. Mbio njema zinakurudisha nyumbani ukiwa mwema zaidi. Zikikurudisha mkali, mvivu na mwenye kujiangalia kwenye kioo tu, zimepotea njia.

Na kuna jambo moja zaidi la haki. Wapo wasiopaswa kurudi. Daktari amesema goti hili likirudi barabarani litaisha. Huyo kurudi kwake ni kukubali. Naye anahitaji ridhaa ileile: aweke raba chini bila uchungu, afundishe watoto kukimbia, apige filimbi. Kuacha kwa ridhaa na kuacha kwa aibu ni vitu viwili. Anayeacha kwa ridhaa anaweza kusimama kando ya barabara akawashangilia wengine. Anayeacha kwa aibu hawezi hata kutazama.

Petro alikimbia wa pili

Asubuhi ya Pasaka, Injili ya Yohane sura ya 20 inatuambia kwamba Petro na yule mwanafunzi mwingine walikimbia kwenda kaburini. Yule mwingine alikuwa na mbio kuliko Petro, akafika kwanza.

Mkumbuke Petro alikuwa katika hali gani. Siku chache tu nyuma alikuwa amemkana Bwana mara tatu, mbele ya watu, usiku, karibu na moto. Zamani alikuwa wa kwanza kwa kila kitu: wa kwanza kujibu, wa kwanza kuruka majini, wa kwanza kuchomoa upanga. Sasa anakimbia mbele ya macho ya mwenzake ambaye alisimama chini ya Msalaba wakati yeye hakuwepo. Na anapitwa. Angeweza kusimama pale njiani akasema, "Mwacheni afike yeye, mimi wanikumbuke nilivyokuwa." Hakusimama. Aliendelea na mwendo wake hadi akafika, akaingia ndani. Na yule aliyemshinda mbio alikuwa amemngoja mlangoni.

Hapo naona mambo mawili. La kwanza ni la anayerudi: kimbia na mwendo ulio nao. Kaburi wazi halikuwa zawadi ya mshindi wa kwanza. Petro naye aliliona. Mtume Paulo anapowaandikia Wafilipi kwamba anasahau yaliyo nyuma na kuyachuchumilia yaliyo mbele, kumbuka kwamba nyuma yake kulikuwa na dhambi na kulikuwa na sifa pia. Aliziacha zote mbili. Sisi huwa tunakumbuka kuacha dhambi tu, sifa za zamani tunabeba.

La pili ni la sisi tuliobaki. Mtu aliyepotea akionekana Misa ya Jumapili, tuna utani wetu: "Leo mvua itanyesha!" Tunacheka, naye anacheka. Jumapili inayofuata hayupo. Jamani, utani ule una uzito ambao anayeutoa hausikii. Vilevile kwa kijana anayerudi uwanjani na kitambi: neno moja la kejeli linaweza kumaliza miezi sita ya ujasiri. Yohane alikuwa na mbio zaidi, lakini alimngoja Petro. Parokia inayojua kungoja mlangoni ndiyo parokia ambayo watu watarudi.

Na ukitaka kujua Mungu mwenyewe anafanyaje, soma tena Luka 15. Yule mwana aliyepotea hakukimbia kurudi nyumbani. Alitembea, pengine polepole, akikariri hotuba ya kuomba kazi. Katika habari nzima anayekimbia ni mmoja tu, ni baba. Mzee mwenye heshima zake, mwenye mali, anakimbia barabarani watu wote wanaona. Ungemuuliza, "Mzee, nani anakufukuza?" Hakuna aliyekuwa anamfukuza. Alikuwa amemwona mtoto wake bado yuko mbali.

Ya kufanya wiki hii

Ukiwa unarudi kukimbia, anza na dakika ulizonazo, si na zile ulizowahi kuwa nazo. Kimbia kidogo, tembea kidogo, kimbia tena. Tumia mwendo unaoweza kusali Salamu Maria kwa sauti bila kukatikakatika. Ukishindwa kuimaliza, umeshaanza kula sahani ya Milo, punguza. Fumbo moja la Rozari linatosha kwa siku za mwanzo. Kama uliwahi kuumia, mwone mganga kwanza.

Ukiwa unarudi kanisani, usingoje hadi uwe kama zamani ndipo uende kwenye Kitubio. Nenda na ulichonacho. Padre hatakuuliza ulikuwa unaimba sauti gani.

Na ukiwa hujawahi kuondoka, mtafute mmoja wiki hii aliyeondoka. Usimhubirie. Mwambie tu kwamba Jumapili utampitia, mtembee wote.

Tusali: Ee Bwana, uliyemngoja Petro ukamuuliza habari za upendo na si za kasi, utupe ridhaa ya kuanza tena na mwili tulionao, moyo tulionao, na siku uliyotupa leo. Mama Maria, Makimbilio ya wakosefu, utuombee. Amina.

Ni mimi frateri wenu, tuombeane.